Nyumba Iliyouzwa kwa Mdomo

Shaban Yahaya aliingia uani kwa Raymundi fundi seremala kama mtu anayerudi kwao. Hodi alipiga, ila hakungoja kukaribishwa. Ulikuwa mwaka wa 1972, serikali ilipowatoa maofisa wake Dar es Salaam na kuwasambaza mikoani, na yeye alikuwa ameshuka kwenye treni juzi tu, na kaunda suti yake ya kijivu na begi moja. Alisimama katikati ya ua, akatazama bati, akatazama kisima, akatazama vyumba viwili vya nyuma ambavyo vilikuwa bado havijapigwa lipu.

"Umeitunza vizuri," alisema. "Nakushukuru sana, ndugu."

Raymundi aliweka randa chini, akajipangusa vumbi la mbao. Hakumjua mgeni huyu.

"Mimi ni mtoto wa Mzee Yahaya, yule wa Dar. Nimehamishiwa hapa Tabora, na mke wangu na watoto wananifuata. Kwa hiyo nilikuwa nakuomba, taratibu tu, mwisho wa mwezi ujao uwe umepata pa kuhamia."

Apolinaria, mke wa Raymundi, alikuwa jikoni akipepeta mchele. Ungo ukanyamaza.

"Nihamie wapi?" aliuliza Raymundi. "Mimi si mpangaji. Mzee aliniuzia nyumba hii."

Shaban alicheka kidogo. Hakucheka kwa dharau; alicheka kama mtu anayedhani amesikia vibaya. "Alikuuzia? Hebu nione hati."

"Hati hakuna. Tulikubaliana kwa mdomo."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mzee Mabruki, jirani."

"Mabruki amekufa."

"Na mbele ya shangazi yako, Bi Mwanajuma."

Hapo uso wa Shaban ukabadilika. "Shangazi ndiye aliyekuwa akipokea kodi yako kila mwezi na kumpelekea baba Ujiji," alisema polepole. "Nimelala kwake siku mbili hizi. Usimwingize bibi wa watu kwenye uongo wako."

Akatoka. Raymundi alibaki amesimama pale pale hadi Apolinaria alipotoka jikoni na kumuuliza kwa Kinyamwezi, lugha ya nyumbani kwao, kama amesikia sawasawa alichosikia yeye.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka wa Muungano, Raymundi alikuja mjini kutoka Lusu, kule Nzega, na mke kijana na sanduku la vyombo vya useremala. Alipanga chumba kimoja kwa Mzee Yahaya, hapo hapo mtaa wa Ng'ambo. Mzee Yahaya alikuwa mtu wa mji hasa. Babu yake aliingia Tabora kutokea Ujiji na mzigo wa pembe kichwani, wakati wa misafara; mzigo ukaendelea kwenda pwani, yeye akabaki. Lakini ukoo ulibaki ziwani, na mkewe alipofariki, mzee akaona hana tena la kumweka Tabora. Aliamua kurudi kwa ndugu zake akafie huko, kwa njia ile ile aliyoijia babu yake, ila yeye angepanda treni.

Jioni moja baada ya sala ya alasiri akamwita Raymundi barazani. Mzee Mabruki alikuwapo, na Bi Mwanajuma, dada wa Mzee Yahaya, alikuwa ameketi mlangoni. Mzee Yahaya akataja bei. Akasema hataki zote kwa mkupuo. Raymundi alipe kidogo kidogo kila mwezi, ampe Bi Mwanajuma, naye atamfikishia. Kitanda cha mninga na kabati alivyokuwa akivitengeneza Raymundi, vihesabiwe humo humo, mzee avichukue aende navyo.

Raymundi alifurahi hadi akaogopa. Akauliza kwa haya, "Mzee, twende basi kwa mtu atuandikie?"

Mzee Yahaya alimtazama. "Karatasi ya nini? Mabruki yupo, Mwanajuma yupo, na Mungu yupo. Ukitaka karatasi juu ya hao, huniamini. Na mimi siuzi nyumba kwa mtu asiyeniamini."

Raymundi aliona aibu. Alikuwa mgeni mjini, Mkristo katikati ya Waislamu waliomkaribisha vizuri, na hakutaka aonekane mshamba asiye na adabu. Wakashikana mikono. Mzee Mabruki akasoma Fatiha. Raymundi akapiga ishara ya msalaba, kahawa ikaletwa, mambo yakaisha.

Alilipa hadi akamaliza. Aliezua nyasi, akaweka bati. Akachimba kisima, akajenga vyumba vya uani, akazaa watoto wanne humo. Mzee Yahaya akafia Ujiji kama alivyotaka. Mzee Mabruki naye akafuata. Katika watu wanne waliokuwa barazani jioni ile, akawa amebaki Raymundi mwenyewe na Bi Mwanajuma.

Shaban hakuwa mwizi. Watu wa Ng'ambo walimwita hivyo, lakini haikuwa kweli. Alikuwa ameondoka Tabora kwenda shule akiwa mdogo, akapata kazi, akaoa huko huko. Mara ya mwisho alipomtembelea baba yake Ujiji, alimuuliza, "Baba, fedha za nyumba ya Tabora zinafika?" Mzee akamjibu, "Zinafika." Hawakusema zaidi ya hapo. Mwana alielewa kodi, baba alikuwa anasema bei, na neno lilikuwa moja.

Balozi wa nyumba kumi alijaribu kuwasuluhisha, akashindwa. Shaban alikuwa na hoja mbili, na alizisema bila kupandisha sauti. Ya kwanza, hakuna maandishi. Ya pili, hata kama mzee alisema neno fulani, ardhi ni mali ya taifa, haiuzwi kama karanga; Azimio la Arusha lilishasema nani mnyonyaji na nani siye, na mtu kununua kiwanja cha mwenzake kwa kahawa na Fatiha ni jambo la zamani. Balozi akakuna kichwa, akasema hilo limemzidi. Wiki iliyofuata tarishi wa mahakama alimletea Raymundi samansi.

Tangu siku ile nyumba ilikosa usingizi. Raymundi alianza kuharibu mbao. Alipima mlango wa mteja mara mbili na bado akakata fupi. Watoto wakicheza karibu na kisima aliwafokea, kisha akawaita na kuwapa miwa. Apolinaria alimwambia neno moja kila asubuhi: "Nenda kwa Bi Mwanajuma."

"Nikamwambie nini?"

"Muulize tu. Anajua. Alikuwapo."

"Analala nyumba moja na Shaban. Anakula chakula cha Shaban. Ndiye anayemtumia fedha kila mwezi tangu kaka yake afe. Unataka nikamuulize kama atamsaliti mtoto wa kaka yake kwa ajili ya Mnyamwezi wa Lusu?"

Hilo nalo lilikuwa la kweli. Bi Mwanajuma hakuwa na mtoto. Kama kulikuwa na mtu wa kumzika, ni Shaban.

Kisha jambo dogo likaongeza hofu. Apolinaria alikutana na Bi Mwanajuma sokoni, kwenye meza za wauza dagaa. "Shikamoo, bibi," alisema. Bi Mwanajuma alijibu marahaba, lakini alivuta kanga usoni na kuondoka kabla hata ya kuulizana hali. Apolinaria alirudi nyumbani. Hakutaka kumwambia mumewe, lakini alimwambia.

"Basi," alisema Raymundi. "Umeona mwenyewe."

Siku ya pili yake alikwenda kwa Eustace.

Eustace alikuwa mwandishi wa barua. Alikuwa na meza na taipureta chini ya baraza la duka, si mbali na stesheni, na aliwaandikia watu barua za maombi ya kazi na malalamiko kwa mabwana wakubwa. Zamani za Mwingereza alikuwa karani mahali fulani, akafukuzwa kwa sababu ambazo kila mtu alizisimulia kwa namna yake. Alimsikiliza Raymundi mpaka mwisho, akaguna.

"Bi Mwanajuma usimsogelee kabisa," alisema. "Mdai amemwandika kuwa shahidi wake. Ukionekana mlangoni kwake, watasema umemhonga."

"Shahidi wake? Wa Shaban?"

"Wa Shaban. Nimeona kwa karani wa mahakama."

Raymundi aliketi kwenye benchi bila kuambiwa aketi.

"Wewe ulinunua kweli?" Eustace aliuliza.

"Nilinunua."

"Ulimaliza kulipa?"

"Nilimaliza."

"Basi si uongo." Eustace alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi ambayo kingo zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. "Mambo yalikuwepo, maandishi ndiyo hayakuwepo. Tunaandika tu yaliyokuwepo. Ungekuwa unaiba ningekufukuza hapa."

Maneno hayo yalimwingia Raymundi kama dawa. Ndiyo, ilikuwa kweli. Kila neno ambalo lingeandikwa pale lilikuwa limesemwa. Tarehe ilikuwa ile ile, bei ile ile, hata kitanda na kabati. Taipureta ilipoanza kugonga, alijikuta akimsahihisha Eustace mahali alipokosea jina la Mzee Mabruki, kama mtu anayetaka ukweli uwe sawasawa.

Mwisho Eustace aliweka kibweta cha wino mezani. "Dole la muuzaji."

"Mzee alishakufa."

"Najua. Lete lako la kushoto. La kulia utaweka upande wa mnunuzi."

Raymundi alitazama barabarani. Watu walikuwa wanapita na baiskeli, mmoja akampungia mkono. Kidole chake cha gumba kilikuwa kimekakamaa kwa miaka ya kushika patasi, na Eustace alilazimika kukikandamiza kwa nguvu ndipo alama itoke.

"Utanitengenezea meza," alisema Eustace akipuliza wino ukauke. "Hii imekwisha."

Apolinaria aliiona karatasi usiku huo huo ndani ya mfuko wa koti. Hakupiga kelele. Aliisoma yote, maana alisoma kwa masista hadi darasa la sita, kisha akaikunja kama ilivyokuwa.

"Raymundi, hii si ile jioni," alisema.

"Ni ile ile. Imeandikwa tu."

"Jioni ile hapakuwa na karatasi."

"Na ndiyo sababu tunafukuzwa! Unataka watoto walale wapi? Niwarudishe Lusu nikawaambie wazee nini?" Akashusha sauti. "Sitaitoa isipokuwa nikiona tumekwisha. Nakuapia. Isipokuwa nikiona tumekwisha kabisa."

Kesi ilisikilizwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati jua la Tabora linapogonga bati la mahakama hadi linalia. Chumba kilijaa. Waliokosa nafasi walisimama madirishani. Hakimu alikuwa kijana mwenye miwani na mafua makali. Kila baada ya maneno machache alipenga kwa leso. Kulia kwake na kushoto waliketi washauri wawili wa mahakama: mmoja muuza nguo wa Gongoni, mwingine Mzee Anton, aliyestaafu kazi ya reli. Mawakili hawaruhusiwi katika mahakama ya mwanzo, kwa hiyo kila mtu alisimama na kinywa chake mwenyewe.

Shaban alieleza yake. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha ofisini, na hakumtukana mtu. Hakimu aliandika. Alipofika kwenye hoja ya ardhi ya taifa, hakimu aliinua mkono.

"Ardhi ni ya taifa, hilo halina ubishi," alisema kwa sauti ya puani. "Lakini kuta, bati na kisima havikuota vyenyewe. Hivyo vinaweza kuuzwa. Na makubaliano ya mdomo, kwa nyumba za mtaa kama ule, mahakama hii inayatambua, ili mradi yathibitishwe. Endelea na ushahidi."

Raymundi alivuta pumzi. Apolinaria, aliyekuwa benchi la nyuma, aliona mabega yake yakishuka kidogo.

"Namwita shangazi yangu," alisema Shaban. "Bi Mwanajuma."

Bi Mwanajuma alikuwa mdogo wa mwili, mzee, anatembea kwa kuegemea ukuta. Aliapa kwa msahafu. Hakumtazama Raymundi, wala hakumtazama Shaban. Alitazama meza ya hakimu.

"Shangazi," Shaban alianza kwa upole, "huyu bwana unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Alianza kuishi kwa baba kama nani?"

"Kama mpangaji. Chumba cha mbele."

Minong'ono ikapita chumbani.

"Baba alipokwenda Ujiji, huyu bwana alikuwa akikuletea fedha?"

"Alikuwa akileta."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Hakukosa."

"Na wewe ukizipeleka kwa baba."

"Nilikuwa nampa mtu wa treni. Zilifika."

"Ahsante, shangazi. Sina zaidi." Shaban akaketi, akajifuta jasho.

Hakimu alimgeukia Raymundi. "Mdaiwa, una swali lolote kwa shahidi huyu?"

Swali lilikuwepo, na kila mtu mle ndani alilijua. Hata waliokuwa madirishani walilijua. Fedha hizo zilikuwa za nini? Maneno matano tu. Raymundi alisimama, akafungua kinywa, akamtazama bibi aliyeshika ukingo wa meza kwa vidole vyembamba. Akasikia tena yale majibu yake: mpangaji, kila mwezi, kila mwezi. Akauona mkono ukivuta kanga sokoni. Akiuliza, naye akajibu "za kodi", basi mlango umefungwa, na yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa ameufunga.

"Mdaiwa," alisema hakimu, "nimekuuliza."

Apolinaria aliona mkono wa mumewe ukienda kwenye koti. Aliinuka kutoka kwenye benchi. "Raymundi!" alisema, si kwa nguvu, lakini karani aligonga meza na askari akamwonyesha aketi.

"Sina swali, mheshimiwa," alisema Raymundi. "Nina hati."

Chumba kizima kilivuma. Shaban alisimama wima. Karatasi ilipita kutoka kwa karani hadi kwa hakimu, naye akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Kwa balozi ulisema hakuna maandishi."

"Nilikuwa sijaikumbuka, mheshimiwa. Ilikuwa imepotea, tukaipata."

"Hati hii ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Hili dole la kushoto ni la nani?"

"La marehemu Mzee Yahaya."

Bi Mwanajuma aliinua uso. Hakimu aliona, akainyanyua karatasi. "Bibi, wewe umetajwa humu kuwa ulikuwapo. Uliwahi kuiona hii?"

Alisogezewa. Hakuweza kusoma herufi za kizungu, lakini alama ya wino aliiona. Akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Hiki ni kidole?"

"Dole la kaka yako. Ndivyo inavyosema."

"Kaka yangu hakutia dole maishani mwake," alisema Bi Mwanajuma. "Alisoma chuo cha Kurani, akahitimu. Jina lake alikuwa akiliandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu. Hata Mwingereza alipomwambia atie dole kwenye karatasi ya kodi, alikataa, akaandika jina. Hii siijui. Jioni ile hapakuwa na karatasi yoyote."

Shaban aligonga paja. "Mheshimiwa, umesikia! Amejitengenezea hati!"

Raymundi alisimulia baadaye kwamba hakusikia tena kitu, isipokuwa bati likilia juu. Hakimu alikuwa ameshaanza kuandika kwa kasi, kwa wino mwekundu, na watu wa madirishani walishaanza kuondoka kwenda kueneza habari, Mzee Anton alipojikohoza.

"Naomba nimuulize shahidi," alisema. "Bibi, umesema jioni ile. Jioni gani?"

Bi Mwanajuma alimgeukia Raymundi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama. Waliokuwa karibu wanasema macho yake yalijaa hasira, hasira ya mtu aliyevunjiwa heshima nyumbani kwake. Angeweza kunyamaza. Angesema tu amechoka, amesahau, ni mzee. Raymundi angekwisha na hakuna ambaye angemlaumu bibi yule.

"Jioni kaka yangu alipoiuza nyumba," alisema.

"Aliiuza kwa nani?"

"Kwa huyu. Mbele yangu na mbele ya marehemu Mabruki."

"Na zile fedha za kila mwezi?"

"Za nyumba. Bei yake. Akalipa mpaka ikaisha, nami ndiye niliyemwambia imeisha, asilete tena." Akamgeukia hakimu. "Siku hiyo akachinja kuku, mkewe akaniletea sahani. Miaka mingapi sasa hajaleta senti? Kodi gani hiyo isiyolipwa miaka yote na hakuna anayedai? Nimeapa kwa msahafu, na mimi sina siku nyingi. Nyumba aliuziwa. Karatasi hii ni uongo. Yote mawili yaandikeni."

Hakimu aliweka kalamu chini. Shaban alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, akimtazama shangazi yake kama mtoto aliyepigwa bila kujua kosa.

Mahakama ilikwenda kuiona nyumba mchana ule ule. Washauri walichungulia kisima, wakahesabu bati, wakaingia vyumba vya uani. Muuza nguo wa Gongoni alimuuliza Shaban kama amewahi kumwona mpangaji akimchimbia mwenye nyumba kisima bila kumdai. Shaban akasema hajawahi. Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata, na hakimu, aliyekuwa amepona mafua, aliisoma kwa ufupi. Makubaliano ya mdomo yamethibitishwa kwa shahidi ambaye hana faida nayo, na kwa matendo ya mnunuzi ya miaka mingi. Madai yanatupwa.

Kisha akavua miwani.

"Nyumba ni yako," alimwambia Raymundi. "Na karatasi hii nayo ni yako. Ulikuwa na ukweli mkononi ukaenda kuuchanganya na taka. Kama asingekuwa bibi huyu, ningekunyang'anya nyumba yako halali kwa sababu ya uongo wako. Askari, mchukue."

Apolinaria alikuwa bado hajajua acheke au alie. Alimfuata mumewe hadi kwenye ngazi, akamvisha rozari yake shingoni, askari hakumzuia.

Kwa karatasi ile Raymundi alishtakiwa mahakama nyingine. Dole la kushoto lilipopimwa, likaonekana ni lake. Hakubisha. Alifungwa miezi sita. Eustace alikuwa ameshapanda treni, wengine wanasema ya Mwanza, wengine ya Mpanda. Meza yake ilibaki barazani hadi mwenye duka alipoipasua kuni.

Nje ya mahakama, siku ile ya hukumu, Shaban alimngojea shangazi yake.

"Shangazi, ungeniambia," alisema. "Siku zote zile tunakula sahani moja. Ungeniambia nisingekuja hapa kuaibika."

"Hukuniuliza," alijibu Bi Mwanajuma. "Uliingia kwangu ukaniambia: shangazi, wewe ni shahidi wangu, utasema alileta fedha kila mwezi. Nikasema. Alileta."

Shaban hakukata rufaa. Alipanga nyumba mtaa wa Cheyo, mkewe na watoto wakaja. Kwa shangazi yake hakukanyaga tena mpaka mfungo wa Ramadhani ulipoisha. Siku ya Idi alikwenda na kanga mbili na mchele, wakala pamoja, na hawakulizungumza jambo lile.

Miezi sita ile Apolinaria aliuza maandazi stesheni, treni zilipofika. Kila Ijumaa alimpelekea Bi Mwanajuma sahani, na kila Ijumaa bibi aliipokea, akairudisha imeoshwa, bila maneno mengi. Mara moja tu Apolinaria alithubutu kumuuliza kwa nini alimkwepa sokoni.

"Nilishaandikwa shahidi," alisema Bi Mwanajuma. "Nikisimama nawe pale, kesho wangesema umeninunua kwa dagaa."

Raymundi alitoka jela amekonda, nywele zimenyolewa vibaya. Alilala usiku mmoja kwake, na asubuhi akaenda kwa Bi Mwanajuma peke yake. Alimkuta kizingitini anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alisema bila kuinua macho.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya karatasi? Hiyo umeshaitumikia."

"Ya kutokukuamini."

Bi Mwanajuma aliendelea kusuka, vidole vikipishana. "Miaka ile yote ulinikabidhi fedha zako. Hata siku moja hukuniuliza kama kweli zinafika Ujiji. Hapo uliniamini. Nini kilikubadilisha?"

"Niliona Shaban ni mtoto wa kaka yako."

"Ni mtoto wa kaka yangu," alisema bibi. "Na yale maneno yalikuwa ya kaka yangu."

Hakumkaribisha ndani. Lakini hakumwambia aondoke, na Raymundi akakaa pale chini, karibu na mlango, mikono juu ya magoti, hadi jirani mmoja alipopita na baiskeli, akawasalimu wote wawili kwa pamoja.